Nywele za Mama Nakiete

Krrr. Kimya. Krrr.

Senkondo aliisikia sauti hiyo kabla hajaiona nyumba. Ilitoka nyuma ya migomba, kavu, isiyo na haraka, kama mtu anayekwangua ukoko wa makande kwenye sufuria. Akasimama katikati ya kijia, mkoba begani. Sauti hiyo alikua nayo. Katika milima ile ya Upare kila msiba ulifungwa nayo: wafiwa walikaa kwenye kigoda mmoja baada ya mwingine, wembe ukawapita vichwani, wakainuka wepesi, na maisha yakaendelea.

Alijiambia ni shangazi anayenyolewa. Akajiambia ni mmoja wa binamu zake. Miguu haikumsadiki, ilianza kukimbia.

Uani, wanawake walikuwa wameketi kwenye mkeka vichwa vyao viking'aa kama mwezi mpevu. Kwenye kigoda alikaa mama yake. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa bado na mikia ya nywele alizozitunza tangu Senkondo yuko kidato cha nne. Upande wa pili uling'aa kama yai lililomenywa.

"Mama!"

Mkono wa shangazi ukasita na wembe hewani. Mama hakugeuka.

"Siku hizi shikamoo hakuna?" shangazi akauliza.

"Mama, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana ushuke Same ukawaombe watu wa mkopo watuahirishie," mama alijibu taratibu. "Wameahirisha?"

"Wanakuja kesho."

"Basi."

"Basi nini? Kesho, mama! Kesho wanakuja, na wewe umekaa hapa! Hicho si kichwa chako mnachokikwangua. Ni mimi!"

"Shusha sauti," shangazi akafoka kwa kunong'ona. "Kaburi la bibi yako halijakauka, wewe unabweka. Tena wameshafika, wako kwa mtendaji na lidude lao. Unataka likusikie kutoka kule?"

Wanawake wote wakageuza shingo kuelekea barabarani. Hakukuwa na kitu huko ila vumbi la jioni, lakini hakuna aliyecheka. Tangu Msomaji, ndilo jina la lidude hilo, aingie kijijini watu walikuwa wakiitana kwa ishara, na hata watoto walilia wakiwa wamefumba midomo.

"Njoo karibu," mama akasema. Senkondo akachutama mbele yake. Ukiwa umenyolewa nusu, uso ule ulikuwa wa mtu mwingine, macho makubwa kuliko alivyoyazoea. "Baba yako alipopotelea machimboni, ndugu zake walitaka nirudi kwetu na wewe ubaki. Nani alikaa mlangoni na fimbo usiku kucha?"

"Bibi."

"Nani aliuza mbuzi wake wa mwisho nipate nauli ya kukufuata hospitali?"

"Bibi. Lakini bibi amekufa, mama. Mimi niko hai."

"Ndiyo maana nanyoa kwa ajili yake. Wewe bado unaweza kunigombeza. Yeye hawezi kunidai chochote." Akageuza kichwa kidogo. "Nilijaribu, mwanangu. Walipoanza kunyoa nilijificha jikoni. Nikakaa kule na nywele zangu kama mgeni aliyekuja kula makande na kuondoka. Nikashindwa. Malizia, wifi."

Krrr.

Mikia ile haikuwa pambo. Zamani, kabla Senkondo hajazaliwa, mtu aliyetaka mkopo wa chuo alieleza kwa maneno kipato cha wazazi wake, na watu wakadanganya. Wenye maghorofa waliazima vibanda vya maskini ili wapigwe picha mbele yake. Vijana wenye baba wazima walileta vyeti vya vifo vya baba hao. Tume ya Uwezo ikachoka na maneno ikageukia mwili. Nywele hukua polepole na hazisahau. Kila upana wa kidole umebeba alichokula mtu, moshi aliouvuta, maji aliyokunywa, dawa alizonunua na alizozikosa. Anayekula nyama kila siku na anayeionja Krismasi hawana unywele mmoja.

Mwanzoni walisomwa waombaji wenyewe. Vijana wakajinyima chakula kwa makusudi hadi baadhi wakazikwa, ndipo Tume ikahamia kwenye vichwa vya wazazi na kudai urefu wa kiganja kizima, karibu miaka miwili ya ukuaji, ili asiwepo wa kuweza kuigiza njaa muda wote huo. Wajanja wakanyoa. Tume ikasema aliyenyoa ana la kuficha. Ikaacha msamaha kwa wafiwa. Watu wakazika vigogo vya migomba ndani ya majeneza na kulia kwa sauti kubwa. Tume ikafuta msamaha. Ndivyo ilivyokuwa: kila mlango wa udanganyifu uliofungwa, uligongwa na mkweli kesho yake.

Kichwa kilichonyolewa kilipewa alama moja tu: Wenye Uwezo. Mgonja, aliyekuwa kiranja wao shuleni, alibandikwa alama hiyo kwa sababu mama yake alinyolewa hospitalini kabla ya kupasuliwa. Akatakiwa ada nzima, kama mtoto wa waziri. Hakuumaliza mwaka wa kwanza. Sasa alikuwa anaponda kokoto kando ya barabara kuu, na mwanawe, aliyezaliwa juzijuzi, alizaliwa na alama ile ile, kwa kuwa alama hufuata damu.

Senkondo alilitazama beseni lililokuwa miguuni pa shangazi. Nywele za mama zilikuwa zimeshachanganyika na za wengine, tayari kwenda kufukiwa migombani pamoja. Na hata angeziiba zisingemfaa. Msomaji husoma nywele zikiwa kichwani, damu ikipita chini yake.

Shangazi alifuta wembe kwenye kitambaa akamnyooshea kigoda. "Zamu yako, mjukuu wa marehemu."

"Mimi sinyoi," Senkondo akasema, akainuka akaondoka.

*

Mama Nakiete, jirani yao, alimkuta amekaa juu ya jiwe nyuma ya zizi, ngumi mdomoni.

"Wewe, njoo unisaidie kufungulia maji," alisema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Zamu yangu leo, tangawizi zangu zimekauka."

Haikuwa zamu yake, Senkondo alijua. Lakini alimfuata hadi kwenye ndiva, lile bwawa la wazee ambalo maji ya mlima hulazwa humo kabla ya kugawiwa mashambani. Mama Nakiete alizibua tundu kwa mti mrefu, maji yakaporomoka kwenye mfereji kwa kishindo, na ndani ya kishindo kile akamsogelea hadi mabega yakagusana.

"Hapa ongea. Lile jidudu lina masikio ya popo, lakini maji haya yatalichanganya."

"Nimekwisha, mama."

"Hujaisha. Na usilie hapa, utanijazia ndiva nikatozwe faini." Alivua kilemba. Mikia yake ya nywele ilianguka mabegani, mirefu kuliko aliyokuwa nayo mama, yenye mvi chache masikioni. "Nichukue mimi."

Senkondo hakuelewa.

"Si wanasema mtoto anaweza kumtaja aliyemlea? Nimesikia kwa mtendaji. Sisi Wasabato hatunyoi misibani, kichwa changu hiki kizima. Na umaskini wangu huna haja ya kuutilia shaka," akacheka, "huo hata mbuzi anauona."

"Kile kitu kinashika kiganja, mama. Nikidanganya kitajua."

"Udanganye nini? Mama yako alipokuzaa alishikwa na homa akawa hamjui mtu. Wiki hiyohiyo mwanangu wa kwanza nilimlaza udongoni, na maziwa yalikuwa yamejaa hadi kanga inalowa. Bibi yako marehemu akakuleta kwangu umefungwa kwenye shuka. Hakusema neno. Akakuweka tu mapajani pangu." Akausukuma mti ndani zaidi, maji yakaendelea kunguruma. "Ukisema nimekulea, umesema uongo gani?"

Senkondo akainua kichwa. Aliuona mlango ukifunguka pale alipojua kuna ukuta. Kisha akaiona sura ya Nakiete, na meno yake yenye mwanya, akiinamia daftari la hesabu la Senkondo, aliyemzidi darasa.

"Na Nakiete?" akauliza.

"Nakiete yuko kidato cha tano, ana mwaka mzima mbele yake. Watasoma nywele zangu kwako, mwakani watazisoma kwake. Wanasoma tu, hawali. Au wanakata?"

"Hawakati."

"Sasa?"

Hapo ndipo palipokuwa na kitu ambacho Mama Nakiete hakukijua. Shuleni walikaririshwa kanuni zile kama sala. Kichwa kimoja, kaya moja. Mlezi akishasomwa kwa ajili ya mtoto wa kaya nyingine, kichwa chake hufungwa kwenye kaya hiyo daima, ili watu wasikodishe maskini mmoja kwa kijiji kizima. Nakiete angeomba mwakani, na Tume ingemwona kama mtoto asiye na kichwa cha kusomwa. Watoto hao waliwekwa mkiani mwa foleni, na foleni hiyo haikuwahi kufika mkiani.

Senkondo alifungua mdomo. Maji yalikuwa yanapiga kelele sana, ndivyo alivyojiambia. Akaufunga.

"Asante, mama," alisema.

"Usinishukuru, mpumbavu wewe. Soma." Mama Nakiete alifunga kilemba chake, akaliziba tundu la ndiva, na kimya kikarudi ghafla kama mtu aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mti.

*

Asubuhi simu ilimletea ujumbe wa sauti. Senkondo aliuweka sikioni akiwa bado amelala.

"Kaka Senkondo, pole ya bibi. Nimelia hadi matron akanipa chai yenye maziwa, kwa hiyo bibi kanifaa hata akiwa kaburini." Nakiete alipenga kamasi. "Mama kaniambia leo ni siku yako. Hajasema mengine, anaongea kwa mafumbo kama ananunua bangi. Sikiliza. Usivae lile shati lako la bluu, utaonekana diwani. Na ukipata, usijivune, maana mwakani nakuja hukohuko kukufundisha hesabu kama kawaida. Niwekee kitanda cha juu. Chini naogopa panya."

Senkondo aliufuta. Baadaye alitamani asingeufuta, lakini wakati ule aliona kama simu ile inapumua.

Kisha wakamsikia.

Tok-tok-tok. Tok-tok-tok.

Alikuwa akipanda ngazi za mawe kati ya matuta, hatua tatu tatu, bila kuteleza, bila kupumzika. Kuku walinyamaza. Shangazi alilikumbatia beseni tupu kifuani kama mtoto. Msomaji alipotokea mwisho wa migomba alikuwa kitu chenye kimo cha mbuzi, cheusi, cha miguu mitatu, na juu yake palikuwa na shingo ndefu iliyobeba kofia ya chuma iliyofunikwa. Hakuwa na uso. Hilo ndilo lililowatisha watu, kwamba hukujua anakutazama au amekupa kisogo.

Nyuma yake alihema Afisa Kitundu wa Tume, kijana mwenye kitambi cha mapema na viatu alivyovishika mkononi.

"Hodi wenyewe! Milima hii mliipandisha makusudi ili serikali isifike?"

"Karibu, baba," mama alisema. Alikuwa amejifunga kanga kichwani. Akampa kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Afisa akapokea, akainua macho, akaona kanga ilivyolala bapa kichwani. Chai ikakwama njiani kwenda mdomoni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ah, mama. Kwa nini?"

Msomaji alikuwa ameshageuka. "Mzazi avue kilemba," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mpole, ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni.

"Mlezi wangu si huyo," Senkondo akasema.

Alisema haraka, kabla mama hajanyanyua mkono. Hakumtazama. Alisikia tu kanga ikisuguana, na hatua za mama zikirudi nyuma hadi mlangoni mwa jiko.

"Ni huyu." Mama Nakiete alisogea mbele, kidevu juu, amevaa gauni lake la Sabato.

Afisa Kitundu aliwatazama wote kwa zamu. Hakuwa mjinga. Akanywa chai, akaitafuna tangawizi iliyobaki mdomoni, akaamua. "Kanuni inaruhusu mlezi. Weka kiganja."

Ubavuni mwa Msomaji palikuwa na bamba laini lenye uvuguvugu. Senkondo aliliwekea mkono na kuhisi kitu kikimshika kutoka upande wa pili, si kwa nguvu, kama nesi anayetafuta mshipa.

"Mwanamke huyu amekulea?"

"Amenilea." Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchoma kuliko uongo wowote.

Kofia ilishushwa. Mama Nakiete alikaa kwenye kigoda kilekile cha jana. Chuma kilipomgusa utosi aliruka kidogo akacheka. "Kina baridi hiki! Kama mkono wa mkaguzi wa nyama."

"Mlezi asicheke," Msomaji alisema, kisha akaanza kusoma kwa sauti, kutoka shinani kwenda nchani, kutoka jana kwenda nyuma. "Mahindi. Maharage. Moshi wa kuni. Mahindi. Sukari, kidogo, mara moja. Dawa ya maumivu, nusu ya kipimo. Mahindi. Njaa."

Tabasamu la Mama Nakiete lilibaki usoni bila mwenyewe.

"Njaa. Njaa. Mahindi. Maji yasiyochemshwa. Njaa."

"Hiyo ilikuwa ada ya Nakiete," alisema kama anayejitetea. "Nilikuwa nakula. Nilikuwa nakula kidogo."

Watu walitazama chini, kwa aibu ya kumwona mtu mzima akivuliwa nguo bila kuguswa vifungo. Msomaji aliendelea hadi nchani kabisa, mvi kwa mvi. Kisha akanyamaza, na taa ndogo shingoni mwake ikageuka kijani.

"Daraja la chini kabisa. Mwombaji anastahili mkopo kamili."

Shangazi alitoa mlio wa ndege. Afisa Kitundu alishusha pumzi. Senkondo alihisi raha iliyofanana sana na hofu. Alijiona akishuka mlima. Akaona geti la chuo, taa za maktaba, kitanda.

Kitanda cha juu.

"Kabla kichwa hiki hakijafungwa kwa kaya ya mwombaji," ile sauti pole ilisema, "mwombaji ana nafasi ya kutoa pingamizi. Kimya ni jibu."

Taa ikageuka samawati na kuanza kufifia taratibu, kama utambi unaoishiwa mafuta.

Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Hakuna uongo. Hakuna sahihi. Mama Nakiete alikuwa akisubiri chini ya kofia, ameshika mapaja yake, akidhani maneno yale ni ya kumalizia tu, kama amina. Mama yake hakuzijua kanuni. Shangazi hakuzijua. Afisa alizijua, lakini afisa hakujua kwamba Nakiete ataomba mwakani. Kati ya watu wote waliokuwa uani, ni Senkondo peke yake aliyekuwa na habari kwamba msichana mmoja alikuwa akifutwa pale, mchana kweupe, kuku wakiparua.

Nitamlipia mimi, alijisemea. Nikipata kazi nitamlipia. Akajaribu kuamini. Lakini alikumbuka kwamba hata jana, penye ndiva, alikuwa amejiambia tatizo ni kelele za maji. Leo hapakuwa na maji. Palikuwa kimya, kimya cha kijiji kizima kinachoogopa, na akatambua kwa mara ya kwanza kitu kile kilikuwa kinakula nini. Hakikula nywele. Kilikula kimya cha watu kama hiki, na kilikuwa kimenenepa.

Taa ilibaki ukucha tu wa mwanga.

"Pingamizi," alisema.

Haikutoka vizuri. Akarudia. "Pingamizi!"

"Umepatwa na nini?" Mama Nakiete akauliza.

"Vua hiyo kofia, mama. Wakikifunga kichwa chako kwangu hakifunguki. Mwakani Nakiete hatakuwa na mtu wa kusomwa. Watamweka mkiani. Hatasoma."

Mama Nakiete akaisukuma kofia kwa mikono yote miwili, akaanza kukifunga kilemba chake, na vidole vikawa havimtii, kilemba kikaanguka, akakiokota na vumbi lake akajifunga hivyohivyo.

"Umejua lini?"

"Jana."

"Jana kabla, au jana baada?"

"Pale pale kwenye maji. Ulipokuwa unasema nami."

Alingoja kofi. Lingemsaidia. Mama Nakiete alimtazama tu, kwa muda, kama anayetafuta usoni mwake yule mtoto wa kwenye shuka.

"Nilikunyonyesha," alisema. Akageuka akaondoka kwa njia ya migombani, akikishika kichwa chake kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba mtungi.

*

Afisa Kitundu alivaa viatu polepole, kimoja kimoja.

"Ungekaa kimya, kijana."

"Najua."

"Wengi hukaa. Nimepanda milima mingi na hii bidhaa, hilo neno pingamizi leo ndiyo nalisikia." Alitupa jicho kwa Msomaji, akainama karibu na shingo yake na kugusagusa kitu huku akizungumza kwa sauti kavu ya kazini, lakini macho yake yalikuwa kwa mama, mlangoni. "Nina uwezo wa kusitisha. Sifuti, nasitisha. Ombi litangoja hadi nywele za mzazi zifike kiganja. Ila sikilizeni kwa makini. Mtu wa kaya hii akinyoa tena, kwa sababu yoyote, ombi limekufa. Akisikika akitamka nia ya kunyoa, iwe leo iwe lini, limekufa vilevile, na alama inabandikwa. Wenye Uwezo. Wewe, na watakaokuita baba." Akashusha sauti. "Nalo linasikia mbali, hata likiwa limegeuka. Chunga mdomo wako, mdogo wangu. Asante kwa chai, mama."

Tok-tok-tok. Walianza kushuka.

Shangazi alikwenda kumfuata Mama Nakiete. Uani wakabaki wawili. Mama alitoka jikoni akakaa kwenye kigoda, akavua kanga, upepo ukampiga kichwani akakunja uso kwa baridi. Senkondo alikaa chini, mgongo wake kwenye miguu ya mama, kama alivyokuwa akikaa zamani akitolewa miba.

"Hukunitaja," mama alinong'ona.

"Sikukutaja."

"Nilisimama pale jikoni nikasema, basi, ndivyo marehemu wanavyojisikia."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe nikiwa hukohuko jikoni. Ulikuwa unaogopa. Nami naogopa." Aliweka mkono juu ya nywele za mwanawe, nene, ambazo hakuna wembe uliozigusa. Akainama hadi pumzi yake ikamwingia sikioni, na akanong'ona chini zaidi, kwa sababu zile hatua bado zilisikika kwenye ngazi. "Sikiliza nikuambie, na usijibu. Siku yangu itafika. Utakuwa na mke, utakuwa na watoto shuleni, na kichwa chako kitakuwa kinangojwa na hawa. Ukija kunizika, wewe usinyoe. Wote wakinyoa, wewe kaa jikoni. Nakuruhusu leo nikiwa na akili zangu. Sitakudai."

Tok-tok-tok, chini, karibu na mfereji.

Senkondo alimwona mtu huyo wa jikoni. Alimwona vizuri, mwanamume mzima, ana watoto, amesimama gizani na nywele zake zote kichwani, anasikiliza wembe ukiwapita wengine. Aliogopa mashine. Alimwogopa Mgonja na kokoto zake. Lakini yule mtu wa jikoni alimwogopa zaidi.

"Mama," alisema, wala hakunong'ona. "Siku yako ikifika, nitanyoa."

Kiganja cha mama kilimziba mdomo kwa kishindo.

Kule chini hatua zilikoma. Hazikuisha kwa kufifia. Zilikatika, kama pumzi ya mtu aliyeitwa jina. Kuku mmoja aliyekuwa anaparua alisimama mguu juu.

Senkondo aliushika mkono ule, akautoa mdomoni taratibu, akaubana kifuani asiuachie. Kisha akajaza mapafu, akasema kwa sauti iliyovuka migomba, ikavuka mfereji, ikafika kule ilikokuwa inangojwa:

"Nitanyoa, mama. Nakuahidi. Nitakaa kwenye kigoda hiki mbele ya watu wote, nami nitanyoa."